Maji ya tangi yakipungua, usiongeze ya chumvi

Mnaofuga samaki wa baharini nyumbani, hapa ndipo wengi tunapochemka. Joto likikausha maji kidogo, mtu anakoroga ya chumvi anajazia. Kumbe kinachopaa ni maji tu, chumvi yote imebaki! Ukirudia wiki mbili, matumbawe yanaanza kujikunja.

Jazia maji yaliyochujwa, yasiyo na chumvi. Ya bombani moja kwa moja hapana, yana klorini. Mimi nimebandika selotepu kwenye kioo, usawa wa maji. Kila asubuhi naongeza taratibu mpaka ukingo wake. Ile michirizi myeupe kwenye kifuniko ni chumvi, ifute.

Maji ya chumvi, gramu 35 hivi kwa lita, ni ya siku ya kubadilisha maji.