Fungate Ulaya kutoka KIA: jinsi ya kuomba viza ya Schengen na kupanga ndege

Chukueni tarehe ya harusi, mhesabu kurudi nyuma. Ombi la viza ya Schengen, yaani viza moja inayowaruhusu kuingia nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na siku zikibaki chini ya 15 mmechelewa. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila wakitaka kuchunguza zaidi wanaweza kufikisha 45. Kwa harusi ya Desemba, mwezi ambao Wachaga wamerudi nyumbani na viti vya ndege za KIA (uwanja wa Kilimanjaro) vinagombewa, faili liwe limekabidhiwa Septemba.

Kwanza ubalozi. Mnaomba kwa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, mnaomba kwa ile mtakayoingia kwanza. Wapo wanaokimbilia ubalozi wenye miadi ya karibu kisha wanaelekea kwingine. Afisa wa mpakani akikuta hoteli zote ni za Italia na viza imetolewa na nchi nyingine, maswali yanaanzia hapo. Kila mmoja ana fomu yake na ada yake ya euro 90, ambayo hairudishwi hata mkinyimwa. Alama za vidole mnatoa wenyewe ana kwa ana, na kwa mtu wa Arusha au Moshi hiyo maana yake ni safari ya Dar es Salaam, kwa hiyo chukueni miadi ya siku moja.

Sasa majina, maana hapa ndipo maharusi wengi huteleza. Mnaomba kabla ya ndoa, basi fomu ijazwe kama mlivyo siku ya kusaini: hajaoa, hajaolewa. Cheti cha ndoa kitakuja baadaye. Kwa sasa ambatisheni barua ya kanisa, msikiti au ofisi ya Mkuu wa Wilaya inayotaja tarehe ya ndoa. Bibi harusi asikatiwe tiketi kwa jina la mume. Pasipoti, viza, bima na tiketi vibebe jina lilelile, herufi kwa herufi, na pasipoti ya jina jipya isubiri mkisharudi.

Nyaraka nyingine hazina fumbo: pasipoti yenye kurasa 2 tupu na uhai wa miezi 3 au zaidi baada ya siku ya kutoka Schengen, picha ya milimita 35 kwa 45, bima ya safari ya angalau euro 30,000, buking za hoteli, barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo (aliyejiajiri aweke leseni ya biashara na TIN), na steitimenti ya benki.

Kwenye steitimenti, jihadharini na michango. Mhazini wa kamati akikurushia milioni 6 kwa mkupuo wiki mbili kabla ya miadi, akaunti iliyokuwa ikicheza kwenye laki tatu inaonekana imeazimwa pesa za kuonyesha. Hela za ukumbi na chakula zibaki kwenye akaunti ya kamati. Kama zimeshaingia kwako, weka barua fupi ya maelezo na orodha ya michango iliyosainiwa na mhazini. Fungate ikilipiwa na mzazi au wasimamizi, iwepo barua yao ya udhamini na steitimenti yao pia.

Tiketi msilipe bado. Kinachotakiwa kwenye ombi ni buking ya kwenda na kurudi, na wakala wa tiketi anaweza kuishikilia kwa muda. Hakikisheni haifi kabla ya siku ya miadi, na aandike JRO, herufi za KIA kwenye tiketi. ARK ni uwanja wa Kisongo. Halafu someni saa vizuri. “Jumapili 00:45” ni saa sita na dakika 45 usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, na kama harusi ni Jumamosi hiyo, MC bado anaita watu kwenye zawadi. Jumanne ni siku nzuri zaidi. Ndege ikiondoka usiku mnafika kesho yake, kwa hiyo hoteli ianze siku ya kufika. Tarehe zikipishana hata kwa usiku mmoja, afisa wa viza ataona.

Kuunganisha ndege kunataka hesabu yake. Doha au Addis Ababa mnabadilisha ndege bila kuingia nchini, na saa 2 zinatosha. Mkipitia Amsterdam kwenda Roma, ukaguzi wa pasipoti wa Schengen unafanyika Amsterdam, na mfumo wa kusajili wageni mpakani ulioanza Oktoba 2025 umeongeza foleni. Hapo wekeni saa 3, hata kama mtandao unawauzia ya saa moja. Njia ya London iacheni, maana Mtanzania huhitaji viza ya kupita hata asipotoka nje ya uwanja. Safari yote iwe kwenye tiketi moja: ndege ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo linalowatafutia nyingine, na mabegi yanakwenda hadi mwisho. Kwa tiketi mbili za bei poa, ya pili ikiwapita mnanunua upya.

Viza ikitoka, kabla ya kulipa angalieni stika: jina, idadi ya siku, na mara za kuingia. Siku ya kufika na ya kuondoka zote zinahesabiwa. Mkitaka kuchungulia Istanbul katikati kisha mrudi Ulaya, viza ya kuingia mara moja haitoshi.

Siku ya safari fikeni KIA saa 3 kabla ya ndege kuondoka. Kutoka Arusha mjini mpeni dereva saa moja na nusu. Jumatano na Jumamosi, siku za soko la Tengeru, ongezeni. Kadi ya njano iwe kwenye begi la mkononi: mkirudi kupitia Addis Ababa na kukaa uwanjani zaidi ya saa 12, mtaulizwa chanjo ya homa ya manjano mkishuka hapa nyumbani.