Kukarabati na kuziba upya stendi ya mbao ya tangi la samaki iliyoharibiwa na maji

Tangi lenye urefu wa sentimita 100, upana wa 40 na kimo cha 50 hujaa lita 200, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1, stendi hubeba kilo 200 kabla ya kuhesabu kioo, kokoto na mawe. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuuliza ni vanishi gani itakayopakwa, ni lazima kuhakikisha kwamba stendi yenyewe bado inaweza kubeba mzigo huo.

Chipubodi au MDF (mbao za kiwandani za chembe au nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi) ikivimba haiponi. Hata ikikauka hubaki laini na skrubu hazishiki tena, hivyo kipande hicho kibadilishwe chote. Mbao halisi kama paini au mninga hukarabatika, na plaiwudi pia, mradi tabaka zake hazijaachana.

Samaki wahamishiwe kwenye beseni kubwa lenye maji yao ya zamani, pamoja na kichujio kikiwa kinafanya kazi, kwa maana bakteria wanaosafisha amonia huishi ndani yake na hufa kikikauka. Tangi limwagwe maji yote na litolewe kokoto kabla ya kuinuliwa, tena liinuliwe kwa kushikwa chini. Kazi ya msasa na vanishi ifanyike mbali na samaki, kwa kuwa pampu ya hewa huvuta mvuke wa thina na kuusukuma moja kwa moja majini.

Baada ya hapo stendi ikaguliwe kwa ncha ya bisibisi. Mbao nzima huikataa ncha, na ukiibanduabandua hutoa kibanzi kirefu. Iliyooza huiruhusu izame, na nyuzi zake hukatika vipande vifupi. Anza na nyayo za miguu, maungio, na upande wa chini wa ubao wa juu karibu na mipira ya maji ya kichujio. Uharibifu mwingi huanzia kwenye ncha zilizokatwa kwa msumeno, kwa kuwa hapo vijishimo vya mbao viko wazi na hunyonya maji kwa kasi kuliko ubavuni.

Kwangua vanishi ya zamani, kisha stendi ikaushwe kivulini penye upepo. Jua kali hukausha uso huku kiini kikiwa bado kibichi, na mbao hupasuka au kupinda. Wakati wa masika Dar es Salaam au Mombasa, ukaushaji unaweza kuchukua wiki kadhaa. Ili kupima, bandika kipande cha nailoni juu ya mbao kwa selotepu pande zote nne na kiache usiku kucha: asubuhi ukikuta matone upande wa ndani, endelea kusubiri. Mafundi wengi hukosa subira hapa, ilhali vanishi inayopakwa juu ya unyevu huyafungia maji ndani na baadaye hubanduka.

Sehemu iliyooza ichongwe kwa patasi mpaka ifikie mbao ngumu. Shimo dogo lijazwe epoksi (gundi ngumu ya sehemu mbili) iliyochanganywa na unga laini wa mbao, lakini pengo kubwa lizibwe kwa kipande cha mbao ya aina ileile, nyuzi zake zikielekea upande mmoja na za mbao ya awali, kikibanwa kwa klempu hadi gundi ikauke. Gundi iwe ya kuhimili maji. Chupani hutambulika kwa alama D3 au D4. Mguu uliooza hadi ndani usijazwe chochote: ubadilishwe. Skrubu zenye kutu nazo zitolewe na kuwekwa za chuma kisichoshika kutu, hasa kama tangi ni la maji ya chumvi.

Piga msasa namba 80, kisha 120, na umalizie na 180, halafu futa vumbi lote. Koti la kwanza la vanishi ya poliyurethani ya mafuta lizimuliwe kidogo kwa thina ili lipenye, na ncha zilizokatwa zipakwe mara kwa mara hadi ziache kunywa. Ongeza makoti matatu, ukipiga msasa mwepesi baina yao, bila kusahau upande wa chini, matundu ya skrubu na nyayo za miguu. Mwishowe pitisha silikoni kwenye maungio ya ndani na kuzunguka matundu ya nyaya.

Vanishi isiyonata tena kwa kidole si lazima iwe imekomaa. Ipe angalau wiki nzima. Stendi ikirudishwa mahali pake, ipimwe kwa pimamaji kwa urefu, upana na kimshazari, na kabari ziwekwe chini ya miguu, kamwe si kati ya kioo na ubao. Jaza tangi nusu, pima tena siku inayofuata, ndipo umalizie. Kila waya wa umeme uachiwe ulegee chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili maji yanayofuata waya yadondokee sakafuni.