Jinsi ya kuokoa kaseti za mashabiki: ziara ya Deep Purple, 1984–85

Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza, waliporudi pamoja mwaka 1984, wakiwa safu ileile iliyovunjika mwaka 1973 (mwimbaji Ian Gillan, mpiga gitaa Ritchie Blackmore, mpiga ogani Jon Lord, mpiga besi Roger Glover na mpiga ngoma Ian Paice), mashabiki waliingia kumbini na vinasa sauti vya betri vimefichwa ndani ya makoti. Ziara ilianzia Australia mwishoni mwa mwaka, na tarehe 22 Juni 1985 ikafika Knebworth, Uingereza, chini ya mvua. Blackmore hakuwa mtu wa kurudia solo jinsi alivyoipiga jana, na Lord alimfuata popote alipokwenda. Ndiyo maana kaseti ya shabiki, hata ikiwa na makelele ya watu, inaweza kubeba muziki usiopatikana mahali pengine popote.

Kaseti hizo zinazeeka. Ukipata moja, shika jambo hili kabla ya mengine: kuitoa sauti kwenye tepu ndiyo kazi inayoamua. Kila kinachofuata kwenye kompyuta kinaweza kurudiwa hata mara kumi, lakini tepu haitakubali kuchezwa milele.

Hatua ya 1: Ijue kaseti yako

Muulize mwenye kaseti: ndiyo iliyokuwa ukumbini, au ni nakala? Kama ni nakala, ni ya kizazi cha ngapi? Kila kunakili kunaongeza ile shhh ya tepu na kufifisha matoazi. Andika majibu papo hapo, hata kama ni "sikumbuki".

Kisha vunja vijino viwili vya nyuma ya kaseti ili isiweze kurekodiwa juu kwa bahati mbaya. Tazama kama kile kipande kidogo cha sponji kinachobana tepu bado kimeshika. Kikiwa kimebanduka, hamishia tepu kwenye ganda jingine linalofunguka kwa skrubu. Ipeleke tepu mpaka mwisho na uirudishe mara moja ili ilegee. Kama ni ya dakika 120, kuwa mpole zaidi, kwa sababu tepu yake ni nyembamba na huvutika.

Hatua ya 2: Safisha deki, kisha rekebisha pembe ya kichwa

Safisha kichwa cha deki (sehemu ya mashine ya kaseti inayosoma tepu) na magurudumu kwa pamba yenye alkoholi, usubiri pakauke.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo wengi hulipuuza. Kichwa cha deki yako na cha kinasa kilichokuwa ukumbini havikukaa kwa pembe moja. Tofauti ndogo tu inatosha kuzima sauti zote za juu, na watu wakisikia hivyo husema "rekodi mbaya" kumbe tepu haina kosa. Pembeni mwa kichwa kuna skrubu ndogo ya pembe. Cheza tepu, unganisha kushoto na kulia viwe mono, yaani sauti moja, kisha zungusha skrubu taratibu kwa bisibisi isiyo na sumaku. Sikiliza matoazi ya Paice: mahali yanapong'aa kuliko pengine ndipo penyewe. Rudia zoezi hilo upande B, maana mara nyingi hauko sawa na upande A. Nikilazimika kuchagua kazi moja tu ya kuifanyia kaseti, nitachagua hii.

Hatua ya 3: Zima Dolby

Dolby ni mfumo wa deki wa kupunguza ile shhh ya tepu. Usipokuwa na uhakika kwamba kaseti ilirekodiwa kwa Dolby, na kwa aina gani, iache imezimwa. Kilichofifishwa na Dolby isiyo yake hakirudi.

Hatua ya 4: Ingiza kwenye kompyuta

Tumia kadi ya sauti ya nje, biti 24, kilohezi 48 au 96. Zima kila kinachojirekebisha chenyewe. Acha kilele cha sauti kifike karibu na desibeli 6 chini ya ukomo. Gillan akipiga ukelele utahitaji nafasi hiyo. Dakika 90 za stereo kwa 24/48 huchukua takriban gigabaiti 1.5. Hifadhi faili hii kama WAV (faili ya sauti isiyobanwa), usiiguse tena, na ufanye kazi zote kwenye nakala yake.

Hatua ya 5: Rudisha mwendo

Hapa ndipo kaseti za Deep Purple zinapopendeza kuzifanyia kazi. Betri ikichoka, kinasa huzunguka polepole kinaporekodi, kwa hiyo ukicheza tepu kwa mwendo sahihi, muziki unapanda juu kadiri onyesho linavyoelekea mwisho. Unahitaji kitu kisichoyumba cha kupimia, na Jon Lord amekuachia: ogani ya Hammond. Ndani yake magurudumu ya chuma huzungushwa na mota inayofuata marudio ya umeme wa ukutani. Mpigaji hana namna ya kuibadilisha tuni. Wenye magitaa ndio wanaomfuata. Tafuta mahali ogani inaposhikilia noti ya A kwa muda mrefu, uipime kwa programu ya kuchambua masafa. Inatakiwa iwe hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), au nusu au mara mbili yake kwa A ya chini au ya juu zaidi. Nusu noti nzima ni kosa la karibu asilimia 6, ambalo sikio lolote litalisikia. Asilimia 1 utaipata kwa kupima tu.

Kuna tahadhari. Ogani iliyotengenezwa kwa umeme wa hezi 60 ikipelekwa nchi ya hezi 50 huhitaji kibadilishi cha marudio, na kibadilishi huweza kupotoka kidogo. Basi tafuta pia mvumo wa chini wa amplifaya katika sehemu tulivu. Onyesho la Uingereza au Australia huvuma kwa hezi 50, la Marekani kwa 60. Ukikuta 51.5 kwenye onyesho la Uingereza, tepu inakwenda mbio kwa asilimia 3. Hakikisha kwanza mvumo si wa deki yako: simamisha tepu, na kama bado unasikika, ni wako.

Pima mwanzo, katikati na mwisho wa kila upande, kisha rekebisha kwa mteremko unaofuata vipimo hivyo. Namba moja kwa upande wote haitoshi.

Hatua ya 6: Gusa kidogo

Usitumie programu ya kufuta shhh. Itaondoka na matoazi, itaondoka na ukumbi. Makofi makali ya mtu aliyekaa karibu na maikrofoni yapunguze moja moja kwa mkono. Pengo la kugeuza kaseti unaweza kuliziba kwa rekodi ya shabiki mwingine wa usiku uleule, baada ya kuilinganisha mwendo. Andika dakika na sekunde za kiraka hicho.

Hatua ya 7: Hakikisha tarehe

Maandishi ya jalada si ushahidi. Sikiliza Gillan akitaja mji. Kisha linganisha na rekodi nyingine: solo ya Blackmore ikifanana noti kwa noti kwenye kaseti mbili zenye tarehe tofauti, hilo ni onyesho moja lililopewa majina mawili.

Hatua ya 8: Kata, bana, eleza

Kama unatengeneza toleo la CD, shusha hadi biti 16 na kilohezi 44.1, na kila wimbo ukatwe kwenye kizidisho cha sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 588, yaani sehemu moja ya 75 ya sekunde, la sivyo utasikia mkwaruzo kati ya nyimbo. Bana kwa FLAC, isiyopoteza chochote cha sauti, kamwe si MP3, inayopoteza. Tengeneza orodha ya md5 (alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kila faili) ili mpokeaji ajue faili zimefika nzima. Weka faili ya maandishi yenye tarehe, mji, ukumbi, kinasa, kizazi, deki, kadi ya sauti, na kila ulichobadilisha.

Hatua ya 9: Kushiriki

Haki ya sauti hii ni ya wanamuziki. Usiuze, na usimpe mtu anayeuza. Onyesho lililokwisha kutolewa rasmi, kama la Knebworth, liache nje, anayelitaka alinunue. Bendi ikisema ondoa, ondoa siku hiyohiyo. Kaseti yenyewe irudishe kwa mwenyewe ikiwa ndani ya kasha lake, pamoja na nakala ya WAV ambayo haijaguswa.