Usianze na bei: ninavyosoma CoinMarketCap na CoinGecko

Mpwa wangu alinipigia saa nne usiku, nikiwa nafunga kibanda changu cha kutengeneza simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. "Mjomba, nina Shiba milioni tatu. Ikifika dola moja tu, nimetoka!" Shiba ni sarafu ya kidijitali, kama Bitcoin. Nikamwambia afungue CoinMarketCap, tovuti inayoonyesha bei za sarafu hizo, tupige hesabu.

Ukifungua tovuti hiyo, au mwenzake CoinGecko, macho hukimbilia bei na ile asilimia ya kijani au nyekundu. Ziruke kwanza. Gusa jina la sarafu, kisha tafuta palipoandikwa Circulating Supply, yaani sarafu zilizoko kwenye mzunguko. Zizidishe kwa bei, unapata Market Cap, thamani ya soko, na orodha nzima imepangwa kwa namba hiyo. Shiba ziko kama trilioni 589. Kila moja ikiwa dola, hizo ni dola trilioni 589, ilhali dunia nzima huzalisha kama trilioni 110 kwa mwaka. Kijana akanyamaza. "Kwa hiyo haifiki?" Nani atainunua, baba?

Ndiyo maana sarafu ya senti si lazima iwe rahisi, na Bitcoin, ambayo haitazidi milioni 21, si lazima iwe ghali. Tazama pia ngapi bado hazijatoka. Kama zilizoko sokoni ni moja kati ya kumi, hizo tisa zitakuja kutafuta wanunuzi siku moja. Mei 2022 sarafu iitwayo Luna ilitoka sarafu kama milioni 350 hadi trilioni 6.5 ndani ya siku chache. Waliotazama bei peke yake walisema imeshuka, tuokote.

Kisha njoo kwenye Volume, kiasi kilichouzwa kwa saa 24. Hii usiimeze nzima nzima. Machi 2019 kampuni ya Bitwise iliiambia SEC, mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji, kwamba karibu asilimia 95 ya biashara ya Bitcoin iliyokuwa ikiripotiwa ilikuwa ya uongo: mtu anajiuzia mwenyewe ili soko lionekane limechangamka. Wapiga debe wa stendi wanaujua mchezo huo, abiria wa kukodi wakijaza viti vya mbele.

Kwa hiyo mimi hushuka hadi Markets, orodha ya masoko sarafu inakouzwa, na hapo ndipo nakaa muda mrefu kuliko popote. Kuna safu ya Depth, yenye +2% na -2%. Hiyo ya -2% inakwambia ni dola ngapi zikiuzwa zitaishusha bei kwa asilimia mbili. Ikiwa ni laki kadhaa, unaingia na kutoka bila mtu kukuona. Ikiwa ni dola 200, wewe mwenyewe ukiuza ndiye unayeiangusha.

Nililipia somo hilo. Niliweka shilingi 300,000 kwenye sarafu moja ndogo, wiki ya pili simu ikanionyesha 900,000. Nikamwahidi mke wangu friji. Nilipouza nikapata 110,000, kwa sababu bei niliyokuwa nikiishangilia ilitokana na mtu mmoja aliyenunua kidogo, na nyuma yake hapakuwa na mnunuzi mwingine. Friji tulikuja kulinunua kwa hela za vioo vya simu.

Bei yenyewe kwenye tovuti hizi ni wastani wa masoko mengi. Tarehe 8 Januari 2018 CoinMarketCap iliondoa baadhi ya masoko ya Korea Kusini, ambako bei zilikuwa juu, na sarafu nyingi zikaonekana kuporomoka kwa wastani uliobadilika. Kabla ya kubonyeza chochote, linganisha na bei ya soko unalouzia wewe.

Ukitaka sarafu mpya, nakili anwani ya mkataba, ule mfululizo mrefu wa herufi na namba unaoitambulisha, kutoka ukurasa wake. Usitafute kwa jina, maana jina lolote linaweza kunakiliwa na matapeli. Chati sina mengi ya kusema, ila jua mshumaa wa siku, ile alama inayoonyesha mwenendo wa bei ya siku nzima, kwa kawaida hufungwa saa tisa usiku kwetu. Usiamke kwa ajili yake. Weka sarafu zako kwenye Watchlist, orodha ya unazozifuatilia, na uandike bei uliyonunulia. Kazi hiyo haihitaji yale maneno 12 ya siri yanayofungua pochi yako ya sarafu, kwa hiyo ukurasa ukiyaomba, funga.

Juzi mpwa wangu kanitumia picha ya sarafu nyingine, imepanda asilimia 340. Asilimia hakuigusa. Kazungushia duara jekundu kwenye -2%: dola 61. Chini kaandika, "Mjomba, hii ni ya kwako."