Punda mwenye plasta mguuni: jinsi ya kuwahi matatizo baada ya mfupa kuungwa

Mfupa ukishaungwa kwa vyuma na mguu ukafungwa plasta, wenye punda wengi huona kazi imekwisha, kilichobaki ni kuhesabu wiki 6 hadi 8. Kumbe hapo ndipo hatari inapoanza. Punda anaweza kufa na mfupa wake umeshika vizuri, kwa sababu ya kidonda kilichooza ndani ya plasta, mguu wa pili ulioelemewa na uzito, au tumbo lililokaa tupu siku mbili. Yote matatu hujulikana mapema kwa mkono na pua. Mwongozo huu ni wa anayemtunza punda nyumbani; kufungua plasta na kupanga dawa ni kazi ya daktari wa mifugo.

Jua kwanza kwamba punda huficha maumivu kuliko farasi. Farasi hutoa jasho na kupiga kwato chini. Punda husimama kimya, na hata huonekana anatafuna ilhali chakula hakipungui. Kwa hiyo usimtazame tu usoni. Pima.

Hatua ya 1: Banda

Mpe chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kivuli, kisicho na ngazi wala sakafu ya saruji inayoteleza. Usimlaze kwenye mchanga mtupu. Mchanga huingia kwa juu ya plasta na kusugua ngozi kama msasa kila anapopiga hatua. Tandika nyasi kavu, au takataka za randa kutoka kwa mafundi seremala, zisizo na rangi wala mafuta ya mbao, kina cha sentimita 10 au zaidi. Toa zilizolowa kila asubuhi, hasa wakati wa masika.

Mwenzake aliyezoeana naye awe karibu, waweze kugusana. Punda akitenganishwa na mwenzake huweza kugoma kula, na kugoma kula ndiko kunakomuua.

Hatua ya 2: Daftari

Asubuhi na jioni andika joto, mapigo ya moyo, chakula alichomaliza na mavi aliyotoa. Punda mzima aliyekomaa huwa na joto la nyuzi 36.5 hadi 37.8 na mapigo 36 hadi 52 kwa dakika. Joto likifika 38.5, mwite daktari siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Kukagua plasta

Osha mikono uikaushe, kisha weka kiganja chote juu ya plasta na ukipeleke taratibu kutoka juu hadi chini, pande zote nne. Fanya hivyo kabla jua halijaipiga. Unatafuta sehemu moja yenye joto kuliko nyingine. Sehemu zinazochubuka sana ni tatu: ukingo wa juu kwa mbele, nyuma ya kifundo, na visigino vya kwato.

Kisha nusa ukingo wa juu. Harufu ya pamba iliyolowa jasho ni ya kawaida. Harufu ya nyama iliyochacha si ya kawaida. Nzi wakishikilia kutua mahali pamoja, waamini. Tazama pia kama kuna doa la unyevu linalopanuka, uvimbe juu ya plasta, au ufa.

Dalili kubwa kuliko zote ni hii: jana alikuwa anaukanyaga mguu, leo anauinua. Ukiona hivyo, plasta ifunguliwe siku hiyo. Kubandika plasta mpya ni gharama, lakini kidonda kikishatoboa hadi kwenye kiungo hakuna pesa itakayokirudisha. Hata pasipo dalili, plasta hubadilishwa kila baada ya wiki 2 au 3, na kwa mtoto wa punda mapema zaidi kwa kuwa anakua.

Ukingo wa juu uzungushiwe bandeji ya kunata yenye kunyumbuka ili mchanga usiingie, bila kuibana ngozi. Na usimpeleke baharini kuoga. Ganda la nje huvumilia maji, lakini pamba ya ndani hunyonya na kukaa mbichi.

Hatua ya 4: Mguu wa pili

Mguu mzima unaobeba uzito wa mwenzake huvimba ndani ya kwato, na mfupa wa humo unaweza kuachia na kuzama. Plasta nayo huongeza urefu wa mguu ulioumia, hivyo mwili hulalia upande wa pili. Sawazisha tangu siku ya kwanza. Kata soli ya ndara nene au sponji ngumu kwa umbo la kwato, unene ulingane na plasta iliyo chini ya mguu ulioumia, uifunge kwa bandeji na utepe wa nailoni wenye gundi. Ikibonyea, badilisha.

Kila siku weka vidole viwili nyuma ya kifundo, kushoto na kulia, utafute mshipa. Jizoeze kwa punda mzima: mapigo yake ni hafifu, pengine usiyapate kabisa. Yakigonga kwa nguvu na kwato ikawa ya moto, mwite daktari. Jihadhari na furaha ya uongo: punda akianza ghafla kuulalia mguu wenye plasta, huenda hajapona, ila ule mwingine sasa unamuuma zaidi.

Hapa ndipo mahindi yanapodhuru. Watu humpa “apate nguvu”, na wanga huo huchochea uvimbe wa kwato.

Hatua ya 5: Tumbo

Punda wa kilo 120 anahitaji takriban kilo 2 za nyasi kavu kwa siku, kidogo kidogo mara nyingi. Asipokula, mwili huyeyusha mafuta yake na kuyamwaga kwenye damu hadi ini lishindwe. Damu ikichukuliwa na kuachwa itulie, maji yake ya juu huwa meupe kama tui. Usingoje hadi hapo: akiruka milo miwili, mwite daktari.

Akipita saa 12 bila mavi, mwite pia. Utumbo huweza kuziba kwa kukaa ndani na kunywa maji kidogo.

Dawa ya maumivu nayo ina jambo lake. Mwili wa punda huitoa dawa ya maumivu iitwayo fenilbutazoni upesi kuliko wa farasi, kwa hiyo ratiba ya mara moja kwa siku humwacha na maumivu, na mwenye maumivu hali chakula. Mwulize daktari kuhusu mara mbili.

Hatua ya 6: Kidonda na pepopunda

Usaha, homa na kuchechemea upya huashiria vijidudu vimefika kwenye vyuma. Usimchome antibaiotiki ya dukani. Hakikisha pia alipata kinga ya pepopunda tangu siku alipoumia. Masikio yakikakamaa na ngozi ya ndani ya jicho ikafunika mboni, ni dharura.

Hatua ya 7: Plasta ikitoka

Kano zimelegea. Mguu ufungwe bandeji nene kwa wiki 2 hivi, atembezwe kwa kamba dakika 5, mara mbili kwa siku, uongeze polepole. Mzigo usubiri eksirei na ruhusa ya daktari. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50, zaidi ya theluthi ya uzito wa punda wa kilo 120, kwa hiyo usianze nao. Anza na nusu karai ya mchanga kila upande.