Kuhamishia sensa ya oksijeni kwenye ekzosi mpya ya pikipiki

Kabla ya kununua ekzosi, pima tundu la sensa ya oksijeni (kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi): nyingi ni M18×1.5, yaani kipenyo cha mm 18 na nafasi ya mm 1.5 kati ya thredi, baadhi M12×1.25. Chomoa plagi ya waya kwanza, ndipo ufungue sensa bomba likiwa vuguvugu. Ukiizungusha sensa huku plagi ikiwa bado imechomekwa, nyaya hujisokota na kukatikia ndani. Grisi ya kuzuia kugandamana, ile ya joto kali, ipake kidogo sana kwenye thredi tu. Ncha ya sensa isiguswe kabisa. Anza kufunga kwa vidole, malizia kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kufuata kipimo cha kitabu cha pikipiki. Gasketi ya ekzosi weka mpya, tafadhali: penye uvujaji kabla ya sensa hewa ya nje huingia, kompyuta ya injini hudhani petroli imepungua, nayo huiongeza bure.