Kupanda Maua ya Kuwavutia Nyuki Katika Bustani ya Nyumbani

Bustani inayotegemea nyuki ili izae maboga, matango na pasheni inahitaji maua mwaka mzima, kwa sababu nyuki hawadumu mahali ambapo chakula hupatikana kwa wiki mbili kisha kikatoweka. Kwa hiyo panda alizeti kwa awamu, ukiziachanisha kwa wiki tatu hivi, na uache baadhi ya mirehani na giligilani ichanue badala ya kuikata yote kwa ajili ya jikoni, kwani maua yake madogo hupendwa mno na nyuki wadogo wasiouma. Panda kila aina kwa kundi, na uchague maua yenye petali za safu moja, maana yale yaliyojaa petali, ingawa yanapendeza macho, mara nyingi hayana nekta ya kutosha.

Pasheni ya njano inastahili uangalizi wa pekee. Ua lake ni kubwa kiasi kwamba nyuki wa asali huweza kuondoka na chavua bila kuifikisha inapotakiwa. Kazi hiyo huiweza vizuri nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Waachie gogo kavu karibu na kichanja. Kuwaua kwa sababu ya matundu machache kwenye boriti ni hasara ya kusikitisha sana.

Weka pia sahani ya maji yenye vijiwe vya kutua. Dawa ya wadudu isipuliziwe kamwe juu ya maua yaliyofunguka. Ikibidi kutumika kwingine, subiri jua lizame, nyuki wakiwa wamesharudi.